Baba Alibadilisha Matairi Mawili Tu

Nayoro, Hokkaido
22 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Kengo,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. U hali gani huko Okinawa? Mkeo na mtoto hawajambo? Sisi tunajikongoja. Mama bado anasafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Mimi humpeleka, isipokuwa Jumatatu, ambayo ni zamu ya Baba, naye hamwachii mtu.

Unamjua Baba na matairi yake. Jumapili ya kwanza ya Novemba alitoka na jeki kufunga matairi ya theluji kama kila mwaka, akarudi ndani akasema tayari. Sikukagua. Miaka arobaini hajakaguliwa na mtu.

Jumatano theluji ikaanguka, nikampakia Mama. Kwenye kona ya kushukia darajani niligusa breki kidogo tu. Mbele kukashika barabara vizuri, lakini nyuma kukachomoka, gari likazunguka na kutuegesha kwenye theluji, tukitazama tulikotoka. Nilishindwa hata kufungua mkanda. Mama akaniuliza taratibu, "Fusae, kwani tumesahau kitu nyumbani?"

Hatukuumia, mdogo wangu. Lakini lori la maziwa lilipita pale dakika moja baadaye.

Jirani yetu Mzee Hatakeyama alikuja na trekta kutuvuta. Akainama, akaangalia magurudumu, akacheka. "Wee Fusae, nani kalivisha gari buti mbele, ndala nyuma?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mbele matairi ya theluji, nyuma ya kiangazi. Baba alijiambia kwamba gari huvutwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma yanafuata tu. Kumbe ya nyuma yasiposhika, ndiyo yanayotaka kutangulia.

Nilirudi nimejaa hasira. Nikamkuta Baba amepiga magoti uani kando ya matairi mawili ya theluji yaliyobaki, spana mkononi, hawezi kusimama. Nikamshika makwapani nikamnyanyua. Ni mwepesi, Kengo, hata nikaogopa. Akasema, "Yale mawili ya mbele yalinimaliza mgongo, mwanangu. Nikaona haya kukuomba." Hasira ikaniishia palepale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kingetuchukua mimi na Mama.

Yale mawili ya nyuma nimeyafunga mwenyewe. Vidole vinaniuma hata kushika kalamu hii.

Sasa anataka kuendelea na Jumatatu yake. Nimemsihi arudishe leseni, anaongeza sauti ya televisheni. Kwangu mimi hasikii. Wewe ni mwanawe wa kiume, na hujawahi kumwomba kitu tangu uondoke; ukimwomba hili, huenda akakusikia. Nimechoka, ndugu yangu. Nasema bila aibu, maana aibu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nisalimie mkeo Chizuru na mtoto wetu Sōta. Mama anakuombea afya njema. Mbingu ziwalinde nyote.

Baba anasema usihangaike kuja, barabara zinateleza. Mimi nakuambia njoo, kabla ya Jumatatu.

Dada yako anayekupenda,
Fusae