Kamba ya Fahali wa Wekesa

Matulo, Jumamosi, Agosti 1996. Asubuhi jua, jioni mvua ya mawe. Mimi niko sawa kuliko hali ya hewa.

Hakuna mtu ana bahati kama mimi hapa Matulo, na hata ukiongeza Webuye yote bado nashinda. Jana daktari wa Kitale alinisikiliza kifua, akacheka. Ati kwa miaka yangu sitini na nane nina moyo wa kijana wa ishirini! Si nilimwambia nimeendesha lori la mahindi mpaka Kigali? Kifo kikinitaka, kiombe lifti.

Nataka kuishi kwa sababu moja. Nataka kumzika Wekesa.

Wekesa ni ndugu yangu mdogo, tumepakana shamba. Mwezi wa pili nilimpeleka mke wangu, Mama Sikuku, Kitale, macho yake yapasuliwe, tukakaa siku nne. Sikuku tulimwachia Wekesa. Sikuku ni mtoto wetu wa pekee, miaka thelathini na tatu, ndevu kunishinda, maneno kama kumi hivi. Miaka yote watu walisema amerogwa. Ni daktari mmoja huko Kitale, safari hiyo hiyo, alitupa jina: otizimu. Niliandika nyuma ya pakiti ya sigara nisisahau.

Tuliporudi, mikono yake ilikuwa na alama za kamba. Yote miwili, kama ndama.

Wekesa aliapa kwa Biblia. "Alijikwaruza kwa sengenge, Baba Sikuku. Mimi nimfunge mtoto wa ndugu yangu?" Watu wakamwamini, maana yeye ni mzee wa kanisa na mimi ni mtu wa mdomo. Kamba niliitafuta kwake mpaka kwa zizi, nikakosa.

Tangu hapo hakukanyaga kwetu, na mimi nimemwombea mabaya kila jioni. Nimemwombea jino limuume Krismasi, nyama ikiwa mezani.

Leo akaja na majirani kunipa pole ya hospitali. Nilijua anatafuta nini. Mama Sikuku haoni vizuri. Mimi nikienda, Sikuku na shamba vyote vinaangukia Wekesa.

"Sasa daktari alisemaje?" Hata chai hajaonja.

Nikampa yote. Moyo wa kijana, miaka thelathini mbele. "Wewe jikaze bana," nikamwambia, "mimi ndiye nitakuchagulia jeneza." Watu wakacheka. Yeye akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

Halafu Sikuku akatoka stoo.

Tabia yake ni hii: kitu cha mtu kikibaki kwetu, anakitunza, na siku mwenyewe akifika anampa mkononi. Jembe, sufuria, hata kuku. Leo alishika kamba ya buluu, ile Wekesa hufungia fahali wake. Kumbe miezi sita mimi natafuta kwa Wekesa, na iko kwangu chini ya magunia!

Akaiweka kwa mapaja ya Wekesa. Kisha akapiga magoti, akaunganisha mikono, akamnyooshea.

Akangoja.

Hakuna aliyekunywa chai tena. Wekesa alitoka bila kuaga, kofia ikabaki kwa kiti. Sikuku ameishika mpaka saa hii, anangoja mwenyewe arudi.

Hiyo ndiyo siku niliyoomba. Mzee wa kanisa ameshikwa mbele ya watu wake, na mimi sikufungua mdomo. Nimeshinda, si nimeshinda?

Lakini naona tu ile mikono. Aliitoa bila kuogopa, kama mtu anayejua zamu yake imefika.

Dada yetu Nafula, mjane wa Myanga, alimtaka Sikuku zamani akae naye. Nilimfukuza na kejeli, ati mimi siombi yaya. Kesho Jumapili naenda kwake. Nitapiga magoti hata mlangoni, majirani waone, wacheke wakitaka.

Lazima iwe kesho. Daktari hakucheka. Alisema moyo umechoka, nisipange mambo ya Krismasi. Ile ya kijana wa ishirini niliitunga kwa ngazi za hospitali, ili Wekesa asianze kunihesabia siku. Nikaiandika na hapa juu, nione kama kwa karatasi itageuka kweli.

Ni uongo.