Nilifuta Kovu la Kaka Yangu Kwenye Picha ya Kumtafuta

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pole na kazi ya kusoma shida za watu, naomba unishike mkono maana nimefika mahali sijui hata ninachokuomba, nikianza kueleza naanzia katikati na watu wananitazama usoni, kwa hiyo nimeamua kuandika ili nisitazamwe.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini kasoro mmoja, nafanya kazi studio ya picha, zile picha ndogo za vitambulisho, na kazi yangu hasa si kupiga picha bali kukaa kwenye kompyuta na kusafisha sura za watu, mtu akija na chunusi naziondoa, akija na fulana iliyochoka namvalisha suti na tai hapo hapo kwenye kompyuta, picha inatoka kama ya mkurugenzi, na mteja akiiona anacheka anasema sasa huyu ndiye mimi, basi nimezoea hivyo miaka kumi na sita mpaka nikikutana na mtu barabarani mkono unaniwasha kumtengeneza.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka sita, naye alikuwa fundi baiskeli. Siku moja ya kazi alifungua kibanda chake asubuhi kama kawaida, na mchana majirani wakakuta kibanda kiko wazi, baiskeli ya mteja imepinduliwa haina gurudumu la mbele, spana ziko chini na yeye hayupo, na tangu hapo ni miaka kumi na moja, hakuna barua, hakuna simu, hakuna hata maiti ya kuzika, na alikuwa anapata zile hali zake lakini hilo si la hapa. Polisi walitaka picha, na picha ya maana ilikuwa moja tu, niliyompiga mwenyewe studio siku aliyopita kunisalimia, amevaa fulana ya grisi, ana lile kovu lake nene juu ya jicho, na kwa kuwa alikuwa anacheka pengo la jino la mbele linaonekana wazi.

Mama aliiangalia ile picha muda mrefu, kisha akanirudishia. "Hii usiipeleke, mwanangu. Wakimwona hivi watasema ni mhuni amejiendea zake, na nani atasimama barabarani kwa ajili ya mhuni? Watoto wa wenzio unawatengeneza kila siku. Mtengeneze na wa kwetu."

Nikamtengeneza. Nikamvalisha suti ya kijivu, nikanakili jino la jirani yake nikazibia pengo, nikafuta kovu, halafu nikaigeuza picha kama kwenye kioo, kulia ikawa kushoto, ili atazame upande wenye maandishi, sisi studio huwa tunafanya hivyo tangazo linapendeza, kisha nikaihifadhi juu ya ile ya mwanzo, kwa hiyo picha ya kweli haipo tena popote, nimeshaitafuta mpaka kwenye kompyuta zilizokufa. Mama alipoiona alilia akasema sasa huyu ndiye mwanangu. Tukabandika matangazo sokoni, stendi, hospitali, watu wa mizigo wakatuchukulia mengine mpaka miji ya mbali, na moja kubwa tukaliwekea fremu sebuleni.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Miaka minne iliyopita, adhuhuri, tuna wageni nyumbani, simu ikaita, namba siijui. Mwanamke akasema yeye ni mpishi wa kituo kinachotunza watu waliookotwa ambao kwao hakujulikani, mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka hapa, akasema, "Dada, tangazo lenu nimelikuta hospitali, nilimpeleka mgonjwa wetu. Tuna bwana mmoja hapa, masikio ni haya haya, paji ni hili hili. Kwao hasemi. Ila akiona baiskeli ya mgeni anaipindua anaanza kuzungusha magurudumu, siku hizi tunazificha. Kinachonisumbua, huyu ana kovu juu ya jicho na ana pengo. Wa kwenu ana kovu?"

Mama alikuwa ubavuni mwangu anauliza ni nani huyo, na naapa mshauri sikukusudia, niliinua macho nikaangalia picha ukutani, na picha haikuwa na kovu, nikajibu kwa kuangalia picha. Nikasema, "Hapana, wa kwetu hana kovu." Akasema, "Basi siye. Mungu awasaidie." Mama nikamwambia ni mtu amekosea namba. Wageni walipoondoka nikawa naosha vikombe, ndipo nikaelewa nilichosema.

Namba ninayo, niliiandika kwenye daftari la kazini siku ile ile, lakini sijaipiga, mwanzoni nilisema kesho, kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka, na sasa najiuliza nikipiga nikaambiwa alikuwepo akaondoka, au amefariki mwaka jana tu, nitamtazama vipi mama. Na labda siye kweli, mafundi baiskeli ni wengi na wenye mapengo ni wengi. Kuna siku naona nimemkana ndugu yangu, kuna siku naona ni kosa dogo la kazini tu kama kosa lingine, na kibaya kuliko vyote nikifumba macho nimkumbuke namwona na ile suti, ambayo hakuwahi kuivaa maisha yake yote, na sijui tena kovu lilikuwa jicho la kulia au la kushoto, maana niligeuza picha na kichwa changu kikageuka nayo.

Juzi likaja jipya. Familia zenye watu waliopotea siku nyingi wameunda kikundi, wiki ijayo wanafanya siku ya matangazo mji mzima, mabango, redio, kila kitu, na mama katibu wao amekuja nyumbani kuchukua picha. Akasema, "Msinipe sifa zake, nipeni alama. Sifa tutampa akirudi." Mama akamkabidhi ile ya suti, akasema mwanangu hana alama yoyote, ni kijana msafi, na mimi niliyesimama na sinia nikawamiminia chai. Jumamosi mabango yanaenda kuchapishwa. Mama ana miaka sabini na mbili na ana presha. Nikisema, nina hofu ya kumuua, nisiposema, mji mzima unaanza upya kumtafuta mtu wa kompyuta yangu. Nifanye nini? Au unaweza kunipigia wewe ile namba? Nimekuandikia chini ya barua.

Ni mimi, Msafisha Sura.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Msafisha Sura, nimekuzidi, tena kwa mbali. Pole sana. Aliyefiwa huruhusiwa kukaa akalia mpaka akamaliza, nyinyi mmesimamishwa mlangoni miaka kumi na moja na hakuna anayewaambia mkae. Hilo nalijua na nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu hiyo.

Lakini mara ya pili nilikasirika, na sitakuficha. Umeniandikia kurasa nne za kovu, halafu jambo kubwa kuliko kovu ukaliruka kama dimbwi la maji machafu. "Alikuwa anapata zile hali zake lakini hilo si la hapa." La wapi basi, dada? Ndugu yako alikuwa mgonjwa. Hali zikimjia anaacha spana chini anatembea, na pengine hata jina lake halimjii. Polisi mliwaambia hivyo? Kwenye tangazo mliandika? Najua hamkuandika, maana hata mimi umenificha, na mimi sikujui wala hunijui. Mmemtangaza bwana wa suti mwenye meno kamili na kichwa kizima, kisha mnangoja mtu amwone barabarani.

Wala usidhani uko peke yako. Kuna baba aliniletea tangazo la binti yake aliyepotea miaka sita, limejaa maneno "mcheshi, mtiifu, mpenda watu." Nikamuuliza, anatembeaje? Akainama. Binti anachechemea tangu utotoni, na baba hakutaka majirani wakumbushwe. Jambo tunalolionea aibu ndilo mgeni angelitumia kumtambua mtu wetu, na sisi tunalifuta kwanza.

Umeuliza kama ulimkana. Kwa sekunde ile ya simu, hapana. Uliulizwa ghafla ukasoma jibu ukutani, binadamu hufanya hivyo. Ila kesho yake asubuhi ulikuwa na namba, ulikuwa na akili zako, na ulijua. Miaka minne si kosa la kazini, usijidanganye. Ilikuwa hofu. Hofu yako naielewa, lakini yeye muda wote huo anakula kwa watu na kulala kwa watu.

Namba yako sitaipiga. Mpishi akiniuliza huyo bwana nyumbani mlimwitaje, nitamjibu nini? Na ikitokea wakampa simu mkononi, sauti itakayomfaa ni ya dada yake, si ya mama mmoja wa gazetini. Piga wewe, leo, mchana, watu wakiwa kazini, na usianze na hadithi ya studio. Sema: "Nilikupa jibu la uongo. Wa kwetu ana kovu." Kisha nyamaza usikilize. Kama yupo, uliza safari ni saa ngapi. Kama aliondoka, uliza lini, amevaa nini, alielekea wapi, nani alikuwa wa mwisho kumwona, na uandike kila kitu. Kama amefariki, uliza amezikwa wapi, maana hilo nalo ni jibu na mama yako ana haki nalo. Na kama si yeye, usikate simu haraka. Yule bwana naye ana dada yake mahali, umuulize mpishi kama kuna aliyewahi kumtangaza.

Sasa mama. Unaogopa presha yake, na ni sawa uogope, kwa hiyo ongea naye akiwa ameshameza dawa na jirani mnayemwamini yuko karibu. Lakini usimgeuze yai. Mwanamke aliyeishi na swali hili miaka kumi na moja hataangushwa na kovu. Usiingie na "mama, wewe ndiye uliyesema." Mlitaka wote wawili watu wampende ili wamtafute, na hilo halikuwa baya, lilikuwa kosa. Muulize kitu kimoja kwanza: kovu lilikuwa jicho gani? Uso ule aliuosha yeye tangu siku ya kwanza, atakujibu kabla hajakumbuka kuona aibu. Akishajibu, mwambie yaliyobaki, na ile simu usiiache nje.

Kisha rudi kwenye kompyuta. Unajua kuvalisha, basi na kuvua unajua. Vua suti, igeuze picha irudi ilivyokuwa, fungua pengo, rudisha kovu mahali atakapokuonyesha mama, mwongezee miaka kumi na moja usoni, mvi kidogo, mashavu yameshuka. Waulize na wateja wake wa zamani kama wana picha yake, hakuna kijiwe cha baiskeli ambapo mtu hajawahi kupigwa picha. Picha ya suti ibaki ukutani, mama asinyang'anywe. Mama katibu apewe hiyo nyingine kabla ya Jumamosi, pamoja na karatasi ya alama zote, ugonjwa ukiwa wa kwanza.

Nami sitakaa tu hapa kukunyooshea kidole. Ukurasa huu husomwa na watu wengi kuliko wanaonunua gazeti, kwa hiyo nachukua mistari yangu michache ya mwisho, bila jina lake wala lenu:

Anatafutwa mwanaume wa miaka arobaini na tano hivi, fundi baiskeli, ana kovu nene juu ya jicho na pengo la jino la mbele. Ni mgonjwa, kuna siku hujisahau na kutembea mbali, huenda asikutajie kwao. Ukimwona usimfukuze wala usimzonge kwa maswali. Mpe kiti, piga simu gazetini, na mwambie kwamba dada yake anakuja.