Udi Wako na Nyuki wa Sikonge

Mamangu, shikamoo nyingi kutoka Tabora.

Leo kikundi chetu cha wasuka mikeka kilipelekwa msituni Sikonge kuona mizinga ya magome na kuonja asali. Kabla hatujaifikia, mwenyeji wetu akasimama ghafla.

"Mama zangu, mnanukia nini? Nyuki hawataki harufu!"

Kumbe sote tulikuwa tumejifukiza udi, si unatujua wanawake wa Mombasa tukienda ugenini. Tulikimbia, buibui zikinasa miibani. Sasa tumejifungia nyumbani kwake, nyuki wanavuma dirishani, na asali iko mezani hakuna anayeigusa. Anatusihi tuoge, tubadili nguo.

Lakini mama, begi zima ulilifukiza wewe. Niombee dua, kipenzi changu. Sithubutu kulifungua.

Mwanao, Zuhura