Maman Séraphine Anaangalia Chini

Siku ya ine, 11/7

Hakuna mutu Bukavu mwenye kujua chini ya hili ziwa kama mimi, Gaston. Mawe yote, samaki yote, nimeona kwa macho yangu.

Uongo! Naogelea, ndiyo, lakini kichwa juu kama bata. Miaka yote ya kuendesha boti sijaingiza hata sikio ndani ya maji. Guylain, mwalimu wa kuogelea, hajue. Njo maana amenichukua nimusaidie na wanafunzi wake – watu wa muji wanaolipa waelee tumbo chini, maski usoni, tiyo ya kupumulia mudomoni, waangalie samaki. Samaki ambao sokoni wanaangaliwa bure!

Posho, kesho kutwa, tunawapeleka kwa kisiwa kidogo cha upande wa Kalehe.

Siku ya tano, 12/7

Mazoezi, maji ya kiuno. Wasichana wa korali ya kanisa wanapiga kelele. Karani mumoja, tumbo kama ngoma, amevaa maski juu chini. Nikamuuliza: "Papa, unapumua kwa paji?" Wote wakacheka.

Mumoja hapana. Maman Séraphine. Amefunga kitenge nyeusi chini ya jilet ya kuelea. Nikamutania: "Maman, samaki hawako kwa matanga."

"Mimi niko."

Hii mudomo yangu! Guylain akanivuta kando, akaniambia. Mume wake Gracien alikuwa ndani ya boti iliyozama mwaka jana, pale karibu na kisiwa. Wengine walipatikana, yeye hapana. Shemeji yake Anaclet anataka wamalize matanga siku ya Mungu hii, avue nyeusi. Séraphine anakataa. Hakuna mutu wa familia aliyeingia maji kumutafuta, anasema. Unamalizaje matanga ya mutu ambaye hujamutafuta?

Njo maana anajifunza maski.

Siku ya posho, 13/7

Mukono unauma. Nitaandika polepole.

Maji ya kisiwa – kioo. Korali wakaelea, karani akameza nusu ya ziwa. Guylain akaniambia, "Tonton, maman ni wako."

Nikashika jilet yake kwa mugongo, yeye uso chini. Mwanzo anapumua haraka haraka, kama mutu anakimbizwa. Kisha polepole. Tukaenda. Nikajua kwa miguu tumefika pale mawe yanapokatika: baridi inapanda kutoka chini.

Akakaa pale. Nikasikia sauti ndani ya tiyo – uuu, uuu. Wasichana wakacheka: "Maman anaimba!"

Haikuwa wimbo. Alikuwa anaita Gracien.

Akainua kichwa. "Papa, iko nyeusi."

"Iko nyeusi, maman."

"Fungua jilet. Nishuke."

"Hapana."

"Kidogo tu, papa!"

"Hata ungekuwa samaki haufike."

Akanipiga. Akaniuma mukono – meno yote! Sikuachia. Mwisho akalegea, akarudisha uso ndani ya maji, akaita tena. Nikamushika mpaka alipomaliza mwenyewe.

Kwa boti, tukirudi, akasema chini chini: "Papa, niko na deni yako."

"Ya meno?"

Akacheka. Kidogo sana.

Siku ya Mungu, 14/7

Niko kwa matanga ya Gracien, nyuma ya jikoni yao. Nimedanganya naenda chooni.

Asubuhi Séraphine alisimama mbele ya familia: "Nimemutafuta. Sasa mumalize." Anaclet akafurahi, bia zikafunguliwa. Niko nageuza kiti nitafute kivuli, mama ya Gracien akaingia. Amefika na boti ya Kalehe. Muzee sana, wanamushika mabega. Hakusalimia mutu. Akauliza, ni nani alikuwa na muke wa mutoto wangu ndani ya maji? Wakanionyesha. Anaclet akaongeza sauti: "Maman, huyu anajua chini ya ziwa yote!" Nilimuambia mimi mwenyewe, mwaka gani sijue, kwa bia yake.

Akakamata mukono wangu, ule wenye meno.

"Baba, wewe umeona. Mutoto wangu amelala namna gani?"

Watu wote wakanigeukia. Na mimi sikuona kitu. Jana niliangalia mugongo wa jilet tu, na mawingu. Uongo ninaujua, iko tamu, ingetoka yenyewe. Lakini ile mikono yake ilinikaza kama ya mutu anayezama.

Wananiita. Anaclet anapiga mulango wa choo: "Tonton, umelala humo?"

Maman Séraphine anapita na ndoo, ameniona. Nitamuambia hivi: maman, ile deni, unilipe sasa hivi. Ni kitu kidogo. Wewe njo ulitia uso kule. Umujibu wewe, mimi nikae tu kando yako.