Mkanda wa Shemeji

Shosti uko wapi?? Acha unachofanya, soma hapa.

Shemeji yangu, yule mdogo wake mchumba wangu, si kanifuata kazini na spika lake! Eti nichague nyimbo mpya za harusi yetu. Kasimama katikati ya mashine za kufulia, mbele ya wateja, anatoa somo. "Shemeji, nyimbo zako zimepitwa. Siku hizi ni midundo ya kompyuta."

Wimbo wa kwanza, kelele. Wa pili, kelele zilezile.

Wa tatu: ko-ko-KO, ko-ko-KO. Kafumba macho! Kafumba MACHO, shosti! "Huu sasa! Sikia besi hiyo!"

Spika lilikuwa limeishiwa chaji. Hiyo ko-ko-KO ilikuwa mashine yetu ya pembeni, kuna chuma kinagonga ndani.

Mteja mmoja akaruka: "Jamani, mkanda wangu huo!" Baba wa watu kausahau kwenye suruali aliyoleta kufuliwa.

Shemeji akadhani mkanda wa muziki. Akamkumbatia! "Kumbe ndiye wewe msanii! Umerekodia wapi?"

"Kwenye suruali," yule baba akajibu, kaduwaa.

Nikaizima mashine. Unajua kaniambia nini? "Shemeji, mbona umekata wimbo?" Mbona nimekata WIMBO!

Na ndiye atakayepiga muziki Jumamosi. Kaka yake haambiliki, anasema mdogo wake ana kipaji.

Shosti, zawadi acha nyumbani. Njoo na mkanda. Angalau huo unachezeka.