Ukuta Laini Juu ya Kibla

Mama,

Mwaka huu nimeingia msikitini mahali pako. Siku ya usafi, kabla ya Ramadhani, wanawake wa mtaani walipopitishwa mlango wa nyuma na fagio zao, na mimi nilikuwemo. Tangu Mapinduzi ulikuwa ukinambia, "Wewe bakia upike." Nikidhani ni huruma.

Nguzo ni zile zile, fupi, nene, nyeupe kwa chokaa. Mnara bado umechongoka kama pia ya kuchezea iliyopinduliwa. Lakini juu ya kibla, pale uliponinyanyua nilipokuwa mdogo nikapapasa maandishi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, ukuta ni laini. Bi Zuhura, bibi wa bibi yako, aliyeujenga msikiti huu kwa mali yake, hayupo. Wala jina la ukoo wake wa Kiarabu halipo.

Papo hapo nikamshuku Mzee Kombo, muadhini. Nani mwengine ana funguo? Nikasema moyoni, kalifuta ajipendekeze kwa wakubwa. Nikampita barazani bila ya shikamoo, mimi uliyenilea wewe! Akacheka. "Mwalimu, na shikamoo nazo zimeadimika kama mchele?" Nikazidi kumshuku. Anayecheka hivyo ana la kuficha.

Ijumaa iliyopita, watu waliokuja kusali, hata wa Jambiani na Kiembe Samaki, walipokwisha kutawanyika, nikamuuliza waziwazi. Kwanza alitazama njia, huku na huku.

"Chokaa ile kaikoroga mamako," akanambia. "Mie nlishika ngazi tu."

Nikakumbuka vidole vyako siku zile za baada ya Mapinduzi, vimebabuka, nawe unasema ni pilipili.

Sasa sijui nimshuku nani. Ulilificha jina wao wasilione, au nisilione mimi? Siku zile zile ulinifundisha kusema sisi ni watu wa Makunduchi, si Waarabu. Ukanirudisha, "Sema tena," mpaka nikalia. Hukunambia kwa nini. Mama, hata mimi uliniogopa?

Mzee Kombo anasema uliitandika kanga yako juu ya jiwe kabla ya chokaa, maandishi yasizibike, siku moja yafunuliwe mazima. Pengine ni kweli. Pengine ananibembeleza tu. Alinipa ufunguo. "Nenda kakwangue, ujue." Niliushika mkononi, ukapata joto, nikamrudishia. Kijitundu kimoja tu, na mwengine atakiona, naye atataka kujua kuna nini ndani.

Kwa hiyo nitaishi bila ya kujua. Hilo ndilo uliloniachia.

Pumzika, mama. Mola akupe nuru huko uliko. Siwezi kusema nimekuamini; bado. Lakini nakuahidi: nikiulizwa, sisi ni watu wa Makunduchi. Na kila mwaka, siku ya usafi, upande wa kibla nitaufagia mimi. Hatogusa ukuta ule mtu mwenye mkono mzito.

Mwanao