Kirjolohi, Neno la Mzee Eino

Jumatatu, 2 Machi 2015
Mzee Eino ameamka bila Kiingereza. Kiharusi kilikuwa kimemwachia maneno machache. Leo hata "water" hakuna. Kifini tupu, lugha ya utoto wake. Nilipomvalisha shati, kazi yangu ya kila asubuhi, akanishika mkono: "Kirjolohi." Tena na tena! Nikaleta maji. Blanketi. Redio. Anatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Bon, nifanye nini?

Jumanne, 3 Machi
Neno lile lile. Hakula. Nimempigia binti yake Ruth, yuko Buffalo. Eti hakufundishwa Kifini, baba alitaka wawe Waamerika. Akatafuta kwenye simu yake — ni samaki, trauti! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nimezunguka maduka ya hapa Clintonville mpaka nikampata mmoja mzima, mgongo madoadoa. Kesho nampikia.

Alhamisi, 5 Machi
Jana sikuweza kuandika. Mzee aliisukuma sahani, samaki akaanguka chini. Akalia. Nami pia.
Leo Ruth ametuunganisha na Bi Helvi wa Louisville, rafiki wa marehemu mama yake. Mfini! Nikaweka simu sikioni mwa Mzee. Wakaongea. Halafu Bi Helvi akanieleza: jina hilo ni maneno mawili yameunganishwa. Lohi, salmoni. Kirjo, kitu chenye madoa, rangi rangi. Zamani kwao hata ng'ombe wa madoa aliitwa Kirjo.
Nikamuuliza: donc, kwa hiyo anataka samaki ama ng'ombe?
Akasema hajui. Maneno mengine ya Mzee hayashikani. Labda anataka kusema kitu kingine kabisa, na hili ndilo lililobaki.

Jumamosi, 7 Machi
Ruth amekuja. Jumatatu anampeleka Mzee Buffalo, nyumba ya wazee. Nikauliza, huko kuna anayejua Kifini? Hakuna. Nikaomba Mzee abaki hapa kidogo. Akasema pole, Dative, imeshaamuliwa. Mimi ni wa kazi tu. Nilienda kukunja nguo za Mzee.

Jumatatu, 9 Machi
Ruth ameenda kuchukua dawa. Mizigo iko mlangoni. Nimevaa kitenge changu cha kanisani, kwa kumuaga Mzee. Ameshika pindo la kitenge, anapitisha kidole juu ya maua ya rangi rangi, juu ya ndege.
"Kirjo," anasema. Lohi hakuna tena.
Nikamjibu: "Kirjo."
Akainua uso! Akanitazama, akangoja niendelee. Sina neno jingine la Kifini. Gari la Ruth hilo linaingia — na Mzee bado ameshika, bado anangoja...